Kati ya Kunuka na Kunukia: Siku Saba na Mafuta Meusi ya Udi

Kinachohakikiwa hapa si diwani wala riwaya. Ni kichupa cha mililita 6, cha kioo kinene, chenye gololi mdomoni, na ndani yake mna mafuta ya rangi ya chai kavu iliyochemshwa kupita kiasi. Kibandiko chake kina maneno mawili tu ya Kiarabu yenye maana ya "udi mweusi". Nilikinunua kwa shilingi 20,000 siku ya Ijumaa karibu na Msikiti wa Taifa, Old Kampala, kwa mzee mmoja anayepanga bidhaa zake juu ya meza ndogo: kofia na miswaki upande mmoja, tasbihi na vichupa vya manukato upande wa pili. Niliyavaa mafuta hayo kwa siku 7 mfululizo, nikiandika kila nilichokinusa.

Nilipoitaja mada hii darasani, mhadhiri mmoja aliniuliza, "Sasa utaandika nini? Mafuta ama yananukia ama hayanukii, basi." Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Baadaye nikaona kwamba swali lile halikuwa mzaha, kwa sababu ndivyo lugha yenyewe inavyotuuliza. Kitenzi *nuka* kikisimama peke yake ni lawama. Kikiongezewa kiambishi cha kauli ya kutendea kinakuwa *nukia*, na papo hapo lawama inageuka sifa. Katika vitenzi vingi kauli hii huleta mtu wa kufaidika, au mahali, au chombo: pika, pikia, andika, andikia, kata, katia. Katika *nuka* inageuza hukumu nzima. Hata jina *harufu*, ambalo tungependa kuliona kama neno lisilo na upande, mtaani lina upande wake. Ingia chumbani kwa rafiki yako useme, "Kuna harufu humu," uone kama atakushukuru.

Wenzangu wanaotumia Luganda watasema kwamba wao wana *okuwunya*, kisha wanaongeza *bulungi* au *bubi* kadiri ya haja. Ni kweli, ingawa hata *okuwunya* kikiachwa bila kielezi huelekea kwenye ubaya. Tofauti ni kwamba Mganda anaweza kuanza sentensi yake na kuamua mwishoni, ilhali Mswahili huwa ameshaamua ndani ya kitenzi. Hilo halina madhara tunapozungumzia waridi, au samaki aliyekaa siku tatu bila barafu. Linatutatiza tunapokutana na kitu kinachoanza upande mmoja na kumalizia upande mwingine, na mafuta haya ni kitu cha namna hiyo.

Muuzaji alilijua jambo hili kabla yangu. Nilipotaka kufungua kizibo ninuse, alinizuia. "Hapana, binti. Hiyo si ya kunusa kwenye chupa. Paka kidogo hapo mkononi, zunguka na shughuli zako, urudi jioni uniambie." Nikamwuliza, "Na nikirudi sijayapenda, mzee wangu?" Akasema, "Basi utakuwa hujapoteza kitu." Huo ni ushauri mzuri wa uhakiki kuliko mwingi nilioupata mahali pengine, nami sikuufuata. Nililipa palepale.

Baada ya hapo nilijitahidi kuwa na utaratibu. Nilipaka nukta moja kwenye kifundo cha mkono wa kushoto bila kusugua, na nukta nyingine kwenye kitambaa cha pamba ambacho nilikiweka mbali na ngozi. Niliandika baada ya dakika 5, nusu saa, saa mbili, saa tano, na kabla ya kulala. Pua huzoea haraka na kuacha kutoa taarifa, kwa hiyo kila mara nilitoka nje kwanza, nikanusa hewa ya kawaida, ndipo nikarudi kwenye mkono. Jambo la kukumbuka ni kwamba manukato ya mafuta hayana spiriti. Spiriti ndiyo inayoyarusha manukato ya kupuliza na kuyajaza chumbani mara moja. Mafuta hukaa karibu na mwili na kungoja joto liyainue. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi kuliko za Mombasa au Unguja. Mafuta ambayo pwani yangefunguka kabla ya saa tatu asubuhi, hapa yalikuwa bado yamejikunyata hadi jua lilipopanda. Anayenunua hapa kwa sifa alizozisikia kutoka pwani ayakadirie hayo.

Dakika 10 za mwanzo ni ngumu, wala sitaficha: yananuka. Kuna ngozi mbichi ambayo haijakauka vizuri, kuna bandeji na dawa ya vidonda, na nyuma yake zizi la mbuzi baada ya mvua. Siku ya kwanza nilinawa mkono kwa sabuni. Haikusaidia. Siku ya tatu niligundua kwamba nilikuwa nimeanza kuingoja sehemu hiyo, kwa sababu ndiyo inayoyapa uzito yote yanayofuata. Waliotengeneza manukato tangu zamani walilijua hilo. Zabadi, ambayo hutoka kwenye tezi za ngawa, ikinuswa peke yake ni uvundo mtupu. Ikitiwa kidogo ndani ya maua, maua huwa na mwili. Kwa miaka mingi Ethiopia imewalisha watengeneza manukato wa dunia zabadi. Hapa Buganda ngawa huyohuyo, *effumbe*, ni mwiko wa ukoo mmojawapo ulio mkongwe zaidi, na watu wa ukoo huo hujitambulisha kwa jina lake bila haya yoyote.

Kisha linakuja tunda. Hapa ndipo mafuta haya yanapostahili pesa zake. Karibu na nusu saa ule ukali unarudi nyuma na mahali pake panajaa kitu cheusi, chenye maji, kitamu lakini kisicho safi. Maelezo ya manukato ya aina hii yanayoandikwa Ulaya hutaja plamu na matunda mengine ya nchi za baridi, ambayo wengi wetu hapa tunayajua kwa picha. Mimi nilinusa zambarau, ile tunayoiita *jambula*, inayowapaka watoto wa Kampala ulimi rangi ya wino wakati wa msimu. Si zambarau iliyochumwa sasa hivi. Ni ile iliyoanguka ikashinda chini ya mti mpaka alasiri, nyuki wakaiona kabla yako. Pembeni mwake kuna tende iliyokaa, kuna zabibu kavu, na kuna juisi ya ndizi ya siku ya pili, pale *omubisi* unapoanza kuelekea kuwa pombe. Kwamba mafuta yanayouzwa kwa waendao kuswali Ijumaa yanakumbusha pombe ya ndizi ni jambo lililonichekesha peke yangu ndani ya teksi.

Kati ya saa ya tatu na ya tano mafuta yanaharibika. Sisemi kwamba yananuka tena. Kosa lake ni la upande wa pili. Utamu unapanda mpaka tunda linaacha kuwa tunda na kuwa dawa ya kikohozi ya watoto. Kila kitu kinakuwa bapa. Zambarau, tende na ndizi ambazo zilikuwa zinatofautiana zinayeyuka katika sharubati moja nyekundu. Kwa mtazamo wangu, mtengenezaji aliogopa. Alianza kwa ujasiri wa zizi la mbuzi, kisha akawaza mteja ambaye hatavumilia, akamwaga sukari. Tunawajua waandishi wa namna hii: sura tano za mwanzo hazina huruma, halafu kila mtu anaolewa. Kwenye kitambaa cha pamba, ambako hapakuwa na joto la mwili, sharubati hiyo haikutokea kwa nguvu kiasi hicho, na ushauri wangu kwa atakayenunua ni apake pindo la nguo, aiache ngozi. Aangalie tu rangi ya nguo yenyewe. Blauzi yangu nyeupe ina doa ambalo halitoki.

Baada ya saa ya tano kunabaki utomvu, na utomvu huu ni mzuri sana. Ubani upo, ule mkavu wenye ndimu kidogo ndani yake, na chini yake kuna kitu kizito zaidi chenye lami na moshi. Kuna vanila pia. Aliyewahi kupita panapokaushwa vanila Mukono au Bundibugyo anajua kwamba ganda lililoiva kwa kukaushwa halinukii kama biskuti. Ni jeusi, lina mafuta, na linanukia zabibu kavu na ngozi na moshi. Vanila ndiyo daraja la mafuta haya: inalishika tunda kwa mkono mmoja na utomvu kwa mkono mwingine, na ndiyo maana muungano wa vitu viwili visivyofanana haukunishangaza nilipoufikia.

Kuna sababu nyingine, na hii nilichelewa kuiona. Tunda jeusi na utomvu vinaonekana kuwa vitu vya mbali tukivitazama katika orodha ya viungo. Lakini Buganda kuna mti unaozaa vyote viwili. Ni *muwafu*, ambao wataalamu wa mimea huuita *Canarium schweinfurthii*. Matunda yake, *empafu*, ni meusi ya zambarau. Huuzwa sokoni na kulowekwa katika maji ya moto hadi yalainike, kisha huliwa kwa chumvi. Shina lake likijeruhiwa hutoa utomvu unaonukia ambao huchomwa kama ubani. Ukishika *empafu* zilizolowekwa, vidole vyako vitabaki na harufu ya tunda, ya mafuta na ya utomvu kwa pamoja, kwa saa nzima. Nilikaa siku nne nikitafuta mafuta haya yananikumbusha nini, nikipita Uarabuni na India kwa mawazo, na jibu lilikuwa kwenye beseni la mama muuza matunda. Sidai kwamba mtengenezaji aliujua muwafu. Ninachosema ni kwamba pua ya mhakiki ina nchi yake, na uhakiki wa harufu unaokopa matunda ya nchi nyingine unamficha msomaji kitu anachokijua tayari.

Sasa lile jina. Je, huu ni udi? Udi wa kweli hutokana na miti ya jenasi ya *Aquilaria*, inayoota kuanzia Assam hadi visiwa vya Indonesia. Mti mzima mzima hauna harufu ya kutajwa. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya mbao zake, na mbao hizo zilizougua ndizo zinazofukizwa au kukamuliwa mafuta. Uvunaji umekuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1995 *Aquilaria malaccensis* iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mafuta halisi ya udi ulio bora huuzwa kwa mamia ya dola kwa tola moja, ambayo ni kama gramu 11.7. Kwa shilingi 20,000 za Uganda nimepata nusu tola hivi. Hesabu inatosha. Kilichomo ndani ya kichupa hiki ni harufu ya udi iliyotengenezwa maabara, na ubani na utamu vikaongezwa. Simlaumu mzee, nilipomwuliza Ijumaa iliyofuata alinijibu bila kuzunguka, "Binti, udi wenyewe ungekuja kuununua na baba yako." Namlaumu aliyeandika kibandiko. Lakini kama mhakiki sioni kwamba uongo wa jina unayafanya mafuta yenyewe kuwa mabaya. Yanapokosea hukosea kwa sukari.

Nimeyazungumzia mafuta kana kwamba yalivaliwa chumbani peke yake. Hayakuvaliwa hivyo. Yalipanda teksi kutoka Wandegeya, yakakaa kwenye chumba cha mihadhara chenye watu 60, yakanyeshewa mvua. Siku ya pili, dakika chache tu baada ya kupaka, mwenzangu mmoja aliyeketi kando yangu alihamisha kiti. Nilipomwuliza alisema kwa sauti ya chini, "Samahani, lakini umetoka kwa mganga?" Mwingine, ndani ya teksi, alimwambia jirani yake kwa Luganda kwamba nanuka Kisenyi, yaani mtaa wa Wasomali, akidhani sisikii. Harufu za udi na ubani kwa watu wengi wa mji huu ni za majini, za mazishi, au za wageni. Yule mwenzangu wa darasani ni Mkatoliki, na ubani ameunusa Rubaga tangu utotoni. Hata neno la Luganda analolitumia kwa ubani wa kanisani, *obubaane*, limefanana mno na neno letu. Ubani ule ule, ukitoka kwenye chetezo cha padri unanukia, na ukitoka kwenye mkono wangu unanuka.

Sikuudhika sana, kwa sababu alikuwa amenusa dakika 10 za mwanzo na kuhukumu kwa kitenzi alichokuwa nacho. Saa nne baadaye, tukiwa tumepanga foleni ya chakula, aliniuliza ni nani karibu yetu aliyejipaka kitu kizuri namna hiyo. Nilimwonyesha mkono. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi yamebadilika." Ni kweli yalikuwa yamebadilika, ila sidhani kama ni mafuta pekee.

Naandika haya katika mji ambao Kiswahili chenyewe kina tatizo hilohilo. Tulioamua kukisoma tumeshazoea kuulizwa kama tunataka kujiunga na jeshi. Kwa wazee wengi wa Kampala ni lugha ya kizuizini, ya amri, ya mtu mwenye bunduki anayetaka simu yako. Wanakumbuka pia kwamba Idi Amin ndiye aliyeitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba iliipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini katiba haibadilishi walichokisikia watu usiku. Ninapowaambia kwamba lugha hiyohiyo ina maneno ya udi, ubani, manemane, miski, ambari, zabadi, zafarani, liwa na dalia, na kwamba Mwana Kupona alipomwandikia bintiye utenzi wake karibu mwaka 1858 hakuona aibu kumfundisha mapambo na manukato pamoja na dini, hudhani nazungumzia lugha nyingine.

Na bado utajiri huo ni wa majina. Kwenye vitenzi na vivumishi tuna njaa. Nimeandika makala haya nikikosa neno kila aya mbili. Hata aina ya kitu chenyewe inatushinda kuitaja. Wengi husema *marashi*, lakini asili ya neno hilo ni kunyunyiza: ni maji ya waridi na mrashi wake. Mafuta haya hayanyunyizwi. *Manukato* ni jina la jumla mno. Watu wa pwani husema *mafuta mazuri*, na hapo tumerudi kwenye hukumu kabla ya kunusa. Nimeishia kusema "mafuta meusi", nikitumia jicho kuisaidia pua. Ningependa kuona mwenzangu yeyote anayeandika tasnifu ya istilahi akikaa siku moja na wauzaji wa Old Kampala au Kisenyi badala ya kuanza na kamusi. Mzee wangu, kwa mfano, huyagawa mafuta yake katika *ya kukimbia* na *ya kukaa*. Haya ni ya kukaa. Mgawanyo huo sikuupata katika kitabu chochote, nao umenisaidia kuliko maneno yote niliyoyakopa.

Nikiulizwa kama nitayanunua tena: ndiyo, kwa ajili ya nusu saa ya zambarau na kwa ajili ya usiku, nikijua kwamba katikati nitavumilia sharubati. Nisingeyapaka asubuhi ya mtihani, kwa heshima ya watakaoketi karibu nami. Ningeyapaka saa moja kabla ya kutoka, nikayaacha yamalize ugomvi wake nyumbani. Nukta moja inatosha. Mbili ni nyingi. Tatu, teksi nzima itafungua madirisha.

Kile kitambaa cha pamba nimekihifadhi ndani ya daftari la mihadhara ya ushairi. Leo ni siku ya 12. Tunda limekwisha kabisa, na sukari nayo imekwisha. Kuna ubani, kuna moshi kidogo, na ukikiweka puani kwa muda mrefu, kwa mbali sana, kuna mbuzi.